Tundu la mti na tundu la kufugia: jinsi ya kulinganisha kwezi wawili walio hatarini

Karibu kila Jumamosi ninapokaa na vijana wanaojifunza kuongoza watazamaji wa ndege, swali ni lilelile: "Mwalimu, maina wamejaa mjini, wanaokota makombo mpaka chini ya meza. Inakuwaje tunaambiwa kuna maina walio hatarini?" Likijibiwa hilo, linakuja la pili: "Haya, kama wawili wote wako hatarini, nani ana hali mbaya zaidi?" Nimechoka kulijibu mdomo mtupu, kwa hiyo nimeandika hatua zenyewe. Zifuate na ndege wawili ninaowatumia darasani, kisha utaweza kulinganisha wowote utakaowachagua.

Ndege wetu wa mfano wote ni wa jamii ya kwezi (wengine husema kuzi au kwenzi), jamii inayobeba pia maina wa Asia. Wa kwanza ni maina wa Java, Acridotheres javanicus, mwenyeji wa visiwa vya Java na Bali nchini Indonesia. Wa pili ni kwezi uso-mweupe wa Sri Lanka, Sturnornis albofrontatus, ambaye hapatikani penginepo duniani. Hayo majina ya Kiswahili nimewapa mimi kwa ajili ya darasa, usiyatafute kwenye kamusi. Nimewachagua hawa kwa kusudi: wote wawili wameandikwa kundi moja la hatari, lakini walifika humo kwa njia ambazo hazifanani hata kidogo.

Kabla hujaanza, uwe na:

- Daftari na kalamu. Simu inatosha kusomea, ila kulinganisha kwa kupandisha na kushusha kioo cha simu kunachosha na kunapoteza.
- Intaneti ya kufungulia Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la dunia la uhifadhi; ndiyo orodha inayosema kiumbe gani kiko karibu kiasi gani na kutoweka. Upande wa ndege, tathmini zake hufanywa na shirika la ndege la BirdLife International, kwa hiyo ukikuta kurasa za IUCN na za BirdLife zinasema maneno yaleyale usishangae.
- Ramani ya kusini na kusini-mashariki mwa Asia, hata ya kuchora kwa mkono.
- Picha tatu au nne za kila ndege, zilizopigwa na watu tofauti.
- Muda wa saa mbili. Anayekuambia dakika kumi amenakili tu.

Kama bando lako ni dogo, fungua kurasa zote mwanzoni, zihifadhi kwenye simu, kisha zima data.

Hatua ya 1: Kunja ukurasa katikati, andika majina juu

Upande wa kushoto ndege wa kwanza, kulia wa pili. Andika jina la kisayansi kwanza, na uliandike kamili. Hatua hii vijana huiruka wakiona ni ya kishule, halafu ndiyo inayowaangusha.

Jina "maina" limebeba ndege wengi. Anayeokota makombo Mombasa, Dar es Salaam na Unguja ni Acridotheres tristis, maina wa kawaida, aliyeletwa huku na watu kutoka Asia. Huyo hayuko hatarini. Kwetu yeye ndiye usumbufu kwa ndege wenyeji. Maina wa Java ni ndugu yake, wana jina moja la ukoo, hali zao ni mbali. Kana kwamba haitoshi, Australia kuna ndege ambaye jina lake la Kiingereza hutamkwa vilevile "maina", Manorina melanocephala, na huyo si wa jamii ya kwezi kabisa, ni mnywa-nekta. Nimewahi kupokea daftari lililojaa habari za huyo Mwaustralia, limeandikwa vizuri, lina na michoro, lote bure.

Kwa kwezi wa Sri Lanka tatizo ni la namna nyingine: vitabu vya zamani vinamwita Sturnus senex, vingine Sturnus albofrontatus. Ni ndege yuleyule. Andika majina ya zamani kwa herufi ndogo chini ya jina la sasa ili ukiyakuta usidhani umepata spishi ya tatu.

Hatua ya 2: Mchore kwa maneno kutoka kwenye picha

Funika maelezo, angalia picha tu, andika unachokiona kuanzia mdomo kurudi mkiani. Halafu ndipo ufunue na kusahihisha. Ukianza na maelezo, jicho lako litaona kilichoandikwa hata kama hakipo.

Kwa maina wa Java unapaswa kupata hivi: mwili wa kijivu kizito unaokaribia weusi, mdomo wa njano, miguu ya njano, jicho la njano, kishungi kifupi kilichosimama juu ya paji pale mdomo unapoanzia, weupe chini ya mkia, na baka jeupe kwenye bawa linalomulika anaporuka. Jambo la kuangalia kwa makini ni ngozi ya kuzunguka jicho. Maina wa kawaida wa kwetu ana ngozi tupu ya njano pembeni mwa jicho na mwili wa kahawia. Wa Java hana ngozi hiyo. Kwa jambo hilo moja utatenganisha picha nyingi zilizowekwa jina lisilo lake.

Kwezi uso-mweupe ni mpole kwa rangi. Mgongo na mabawa ni kijivu kizito chenye mng'ao hafifu wa kijani, paji na uso ni weupe uliofifia, na chini ni kijivu kilichopauka chenye dalili ya zambarau, na michirizi myembamba myeupe. Urefu wake ni sentimita 22 hivi, kumzidi kidogo kwezi maridadi anayerukaruka kwenye nyasi za kambi za watalii kwetu. Picha zake nyingi zimepigwa kutoka chini kwenda juu, mwanga ukiwa nyuma, kwa hiyo anaonekana mweusi mtupu. Usiandike "mweusi". Tafuta picha nyingine.

Hatua ya 3: Chora kwao, na kwao tu

Chukua ramani. Kwa kalamu ya rangi moja paka mahali ndege alipo kwa asili. Kwa rangi nyingine paka alikopelekwa na watu.

Hapa ndipo swali la Jumamosi linapojibika. Maina wa Java akipakwa rangi ya pili anaenea: Singapore, Malaysia, Sumatra, mpaka Taiwan. Singapore alifika miaka ya 1920 kama ndege wa kufugwa, wakatoroka au wakaachiwa, na leo ni miongoni mwa ndege wanaoonekana zaidi mjini humo. Jioni hujaa kwenye miti ya barabara ya Orchard kwa makelele ambayo wenyeji wameyalalamikia miaka na miaka. Mtu akiishi hapo ukamwambia ndege huyu yuko hatarini atakucheka.

Lakini Orodha Nyekundu haihesabu ndege hao. Tathmini hufanywa kwa ndege wa porini katika eneo lao la asili. Makundi yaliyopandikizwa kwingine na biashara au kwa bahati mbaya hayaingii kwenye hesabu, hata yangekuwa ya maelfu kwa maelfu. Kwa hiyo unapomlinganisha maina wa Java, macho yako yawe Java na Bali peke yake.

Kosa ambalo nimelisahihisha mara nyingi kuliko yote ni mwanafunzi kupaka Singapore rangi ya kwanza. Ukishafanya hivyo, kila hatua inayofuata inapinda.

Kwezi uso-mweupe hana rangi ya pili. Yupo kusini-magharibi mwa Sri Lanka, kwenye ukanda wa mvua nyingi, ndani ya misitu mirefu. Msitu unaotajwa zaidi ni Sinharaja, ulioandikwa urithi wa dunia mwaka 1988. Eneo hilo lililoandikwa halifiki hekta 9,000, yaani kama theluthi moja hivi ya sakafu ya Kreta ya Ngorongoro. Ukilichora kwa vipimo sahihi kwenye ramani ya Asia, ncha ya kalamu inalifunika lote.

Hatua ya 4: Soma kundi, kisha soma herufi zilizo mbele ya kundi

Wengi huishia kwenye kundi. Wanaona VU kushoto, VU kulia, wanaandika "wako sawa" na kufunga daftari. Hapana.

Kwanza mpangilio wa makundi. Kuanzia pasipo wasiwasi: LC, kisha NT anayekaribia hatari, kisha VU, EN na CR, halafu EW aliyetoweka porini akabaki vizimbani, mwisho EX aliyetoweka kabisa. Watu wakisema "ndege walio hatarini" kwa jumla wanamaanisha VU, EN na CR pamoja. Mimi darasani VU nawaita walio mashakani, EN walio hatarini, CR walio hatarini kabisa. Chagua maneno yako, mradi usiyabadilishe katikati.

Sasa herufi. Mbele ya kundi utaona A, B, C, D au E ikiwa na namba na vijiherufi vidogo. Herufi kubwa ndiyo inayokuambia ndege kaingizwa kundini kwa sababu gani. Kwa VU, kwa ufupi:

- A ni kasi ya kupungua: asilimia 30 au zaidi kwa kawaida, ndani ya miaka 10 au vizazi vitatu, kinachozidi urefu kati ya hivyo.
- B ni udogo wa eneo: mpaka wa jumla chini ya kilomita za mraba 20,000, au eneo analolikalia hasa chini ya 2,000, pamoja na kukatika vipande, kupungua na mengine ya namna hiyo.
- C ni uchache pamoja na kupungua: chini ya ndege wazima 10,000.
- D ni uchache mtupu: chini ya ndege wazima 1,000, au eneo dogo mno.
- E ni hesabu ya kitaalamu inayoonyesha uwezekano wa asilimia 10 wa kutoweka porini ndani ya miaka 100.

Huhitaji kuikariri. Iandike nyuma ya daftari.

Neno la kuangalia ni "ndege wazima". Maana yake ni walio na uwezo wa kuzaliana, si kila chenye mabawa. Mtu akikuta namba ya wazima kwa ndege mmoja na namba ya ndege wote kwa mwingine, akaziweka sambamba, amelinganisha debe na kibaba.

Turudi kwa ndege wetu. Kisiwa cha Java peke yake kina kilomita za mraba 129,000 hivi, kwa hiyo udogo wa eneo haumhusu maina. Kilichomwingiza ni kasi ya kupungua. Ndege aliyekuwa wa kawaida mashambani anaondoka haraka. Kwezi wa Sri Lanka hesabu yake ni ya upande wa pili. Ni wachache, wamegawanyika kwenye vipande vya msitu, na wanapungua. Herufi kamili zisome mwenyewe kwenye ukurasa wa siku hiyo, na pembeni andika mwaka wa tathmini, kwa kuwa hubadilika.

Ukipenda mfano wa nyumbani, fikiria wafugaji wawili. Mmoja ana ng'ombe 200, na kila mwezi wanakufa 20. Mwingine ana 6, na mwaka mzima kafa mmoja. Nani ana hali mbaya? Ukiwauliza wenye mifugo watabishana mpaka chai ipoe, na ubishi wao ndio tofauti ya A na C.

Hatua ya 5: Andika anakula nini, analala wapi, anataga wapi

Mistari mitatu kwa kila ndege, basi. Usinakili kitabu.

Maina wa Java ni wa mahali pa wazi: mashamba, malisho, viunga vya miji. Anakula karibu kila kitu, wadudu, matunda, mabaki ya watu. Kwa Kiindonesia anaitwa kerak kerbau, na hilo kerbau ni nyati-maji, kwa vile hupenda kufuatana na mifugo na kupanda mgongoni mwake kama shashi wetu juu ya mbogo. (Shashi naye zamani aliwekwa jamii moja na kwezi, siku hizi amepewa jamii yake.) Anataga kwenye tundu lolote, la mti au la jengo.

Kwezi uso-mweupe anaishi juu, kwenye vilele vya miti mirefu. Anakula matunda, nekta na wadudu. Mara nyingi huonekana ndani ya makundi mchanganyiko, yale ambapo ndege wa spishi nyingi husafiri msituni pamoja kama abiria wa basi moja. Makundi ya Sinharaja yamechunguzwa kwa miongo kadhaa, na mtazamaji anayemtaka kwezi huyu hamtafuti yeye. Anatafuta kundi, kisha anainua shingo. Anataga kwenye tundu la mti, na tundu hilo halipatikani kwenye mti mchanga.

Hatua ya 6: Tafuta kinachowamaliza

Hapa tumia nusu saa nzima. Andika chanzo kwa sentensi yenye mtendaji: nani anafanya nini. Sentensi kama "mazingira yanaharibiwa" mimi nairudisha na kalamu nyekundu. Nani anayaharibu, kwa nini?

Kwa kwezi uso-mweupe: watu wamefyeka msitu wa ukanda wa mvua kwa ajili ya mashamba, mbao na makazi, na kilichobaki ni vipande. Miaka ya 1970 hata Sinharaja yenyewe ilikatwa miti kwa ajili ya mbao za plaiwudi kabla kazi hiyo haijasimamishwa. Mti mkubwa ukiondoka unaondoka na mambo mawili kwa pamoja, matunda ya juu na tundu la kutagia. Kupanda miche hakurudishi tundu mwaka kesho wala mwaka keshokutwa.

Kwa maina wa Java: watu wanamkamata kwa ajili ya kumfuga. Java ni kisiwa cha watu zaidi ya milioni 140, na kufuga ndege wa sauti huko ni desturi ya siku nyingi. Kuna masoko makubwa ya ndege, Pramuka la Jakarta likiwa maarufu zaidi, na kuna mashindano ya kuimba ambapo ndege mshindi humpa mwenyewe heshima na fedha. Maina ni mwigaji, hufundishika hata maneno. Mitego na nyavu zikishamaliza ndege wa thamani, mkono unahamia kwa yule aliyekuwa anapuuzwa kwa wingi wake.

Msomaji wa Kongo au Uganda hahitaji kuelezwa sana. Kasuku wa kijivu alipita njia hiyohiyo, mpaka mwaka 2016 nchi zilizo kwenye CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea ya porini, zikakubaliana kumweka kwenye kiambatisho cha kwanza, kinachozuia biashara ya kimataifa ya ndege wa porini.

Kiswahili hapa kinatusaidia, maana neno ni moja. Kwezi wa Sri Lanka anakosa tundu la mti; maina wa Java anatiwa kwenye tundu la kufugia. Ninapofundisha naliandika ubaoni hivyo tu, TUNDU, halafu nachora mishale miwili. Nikikutana na kijana baada ya miezi sita amesahau herufi zote, hilo bado analo.

Onyo: usivichanganye vyanzo vikuu na vidogo. Mashamba na dawa za wadudu navyo vinaweza kutajwa kwa ndege wa Java, na usumbufu wa namna nyingine kwa yule wa msituni. Andika chanzo kikuu juu, piga mstari, vingine chini yake. Orodha ya vyanzo saba vilivyolingana haisemi kitu.

Hatua ya 7: Uliza kipi kingesaidia, kwa kila mmoja peke yake

Chora mstari wa mwisho wa jedwali lako: "Tungeanzia wapi?" Ukiwa umefanya hatua ya 6 vizuri, jibu linajileta. Kulinda kipande cha msitu kunamsaidia kwezi uso-mweupe moja kwa moja. Kwa maina wa Java, hata ukizungushia hifadhi mashamba yote, mtu mwenye ulimbo na soko la kuuzia anaingia usiku. Kwake kazi iko sokoni, kwenye sheria, na kwa wafugaji wenyewe kukubali ndege waliozaliwa vizimbani badala ya wa porini.

Ukitaka kuona mwisho wa njia hiyo ya pili, soma habari za jirani yake, jalak wa Bali, Leucopsar rothschildi. Mweupe pe, ngozi ya buluu kuzunguka jicho, mzuri kupita kiasi, na uzuri wake ndio uliomponza. Mwaka 2001 waliobaki porini walihesabika kwa vidole, ilhali vizimbani duniani kote walikuwako wengi. Yuko CR. Wanaomrudisha porini wamelazimika kupambana na wezi kuliko wanavyopambana na maradhi au njaa.

Hatua ya 8: Andika hitimisho kwa sentensi tatu, zisizidi

Ya kwanza iseme wanafanana wapi. Ya pili, wanaachana wapi. Ya tatu, kwa nini tofauti hiyo inabadilisha kazi ya kuwaokoa. Ya kwangu inasomeka hivi: "Maina wa Java na kwezi uso-mweupe wote ni wa jamii ya kwezi na wote wako VU. Wa kwanza anapungua kwa kasi katika eneo kubwa kwa sababu anakamatwa kufugwa, wa pili ni mchache ndani ya vipande vya msitu uliofyekwa. Hifadhi ya msitu ingemfaa wa pili, lakini wa kwanza anahitaji biashara idhibitiwe." Huna haja ya kuandika nani ni bora kuokolewa. Hukuulizwa.

Ukikwama

*Vyanzo viwili vinataja makundi tofauti.* Angalia miaka. Kimoja kimepitwa na wakati, na mara nyingi ni kitabu. Chukua tathmini mpya, andika ya zamani pembeni ikiwa na mwaka wake, kwa kuwa mabadiliko yenyewe ni habari. Angalia pia kama kimoja hakizungumzii orodha ya taifa, kwani nchi nyingi zina orodha zake na hazilazimiki kufanana na ile ya dunia.

*Namba ya ndege haipo.* Andika "haijulikani" na uendelee. Usigawanye, usikadirie, usiazime namba ya ndege jirani. Tathmini nyingi hufanywa kwa kasi ya kupungua pasipo namba kamili.

*Picha zinapingana.* Huenda mmoja ni kinda. Makinda ya maina wa Java yana rangi ya kahawia zaidi na kishungi hakijajaa. Au picha ni ya ndugu yake: maina mwenye mdomo wa rangi ya pembe na kishungi kikubwa ni Acridotheres cristatellus; mwenye kishungi kirefu na jicho jeusi-jekundu ni Acridotheres grandis.

*Jedwali limejaa upande mmoja, upande wa pili uko tupu.* Ni kawaida. Ndege wa mjini huandikwa sana, wa kileleni huandikwa kidogo. Punguza upande uliojaa, usijaze ule mtupu kwa maneno.

*Nataka kujaribu na ndege wa kwetu.* Vizuri. Chukua kwezi wa Abbott, wa misitu ya milimani Kenya na kaskazini mwa Tanzania, pamoja na Kilimanjaro. Dume ana kichwa na kifua cheusi chenye mng'ao wa buluu na tumbo jeupe la malai, jike ni wa kahawia mwenye michirizi tumboni, jicho limepauka. Yumo kwenye Orodha Nyekundu miongoni mwa walio hatarini, na kundi lake la sasa na herufi zake ndizo kazi yako ya hatua ya 4. Mlinganishe na kwezi uso-mweupe, maana wote ni wala matunda wa vileleni. Ukitaka kumwona kwa macho, msitu wa Kieni nchini Kenya ni mahali pa kujaribu. Usimchanganye na kwezi wa Kenrick, ambaye dume lake ni jeusi mpaka tumboni na jicho lake ni la kijivu. Tafuta mti uliozaa, simama mbali nao kidogo ili usikae unatazama matumbo tu dhidi ya mwanga, na uvae sweta. Asubuhi ya Kieni ina baridi ya kukuzuia kushika darubini sawasawa.